Kwa nini Xena afe ndipo asamehewe?

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyelalamika kwamba filamu za wanawake wenye mapanga zimewafanya wasichana wa Goma kuwa wakaidi, na hasa yule Xena wa zamani, mwanamke mpiganaji wa mfululizo wa televisheni wenye jina lake. Anasema ana wajukuu, basi namjibu kwa heshima ya mzee. Mimi ni mshonaji wa Majengo, nafundisha wasichana kushona, na baadhi yao wametoka porini, kwenye makundi ya silaha. Xena namfahamu tangu utoto. Naona mzee wetu alitazama upanga, hadithi yenyewe ikampita.

Sisi tulimwona mtaani Birere, hapa Goma, kwenye chumba cha vidio cha mjomba wangu. Televisheni moja, mabenchi ya mbao, jenereta ikinguruma nje, na kaseti zenye sauti za Kifaransa. Mjomba alisimama pembeni akitugeuzia maneno kwa Kiswahili, na pale asipoelewa alitunga yake. Nadhani hakuna mfalme wa Ugiriki aliyewahi kuitwa mwizi wa mihogo ila katika chumba kile. Lava ya volkano ya Januari 2002 ilikimeza pamoja na kaseti zote.

Mzee, angalia miaka. Mfululizo ule ulianza Septemba 1995 ukaisha Juni 2001. Katikati hapo sisi tulipata vita ya 1996, Mobutu akaondoka Mei 1997, na Agosti 1998 vita ikaanza upya. Wakati Lucy Lawless, aliyeigiza Xena, anarusha mateke huko New Zealand, ambako filamu ilipigwa, watoto wa rika langu hapa walikuwa wanavalishwa mabuti makubwa kuliko miguu yao na kuitwa kadogo, yaani askari watoto. Hakuna aliyewaonyesha kaseti kwanza. Kama tunatafuta nani alileta ujeuri mjini, tuanze na waliokuja na bunduki za kweli.

Tena Xena hakuzaliwa shujaa. Aliingia 1995 kama mtu mbaya katika filamu za Hercules, sehemu tatu tu, na mpango ulikuwa afe mwishoni mwa ya tatu. Hata Lucy Lawless hakuwa chaguo la kwanza, aliyechaguliwa kabla yake aliugua. Na hadithi yake inaanzaje? Kijiji chake, Amphipolis, kinavamiwa. Anakusanya vijana wakilinde. Ndugu yake anauawa. Baada ya hapo jeshi la kulinda kijiji linakuwa jeshi la kuchoma vijiji vya wengine. Nani hapa Kivu anahitaji kufafanuliwa jambo hilo? Tumeona makundi yaliyoanza kwa kulinda mashamba ya wazee wao, na kabla mwaka haujaisha yameweka kizuizi barabarani na kudai pesa kwa kila mama mwenye kikapu.

Sehemu ya kwanza ya mfululizo wake mwenyewe inamwonyesha akizika silaha udongoni. Kisha anarudi nyumbani. Mama yake hamtaki. Wanakijiji wameshika mawe. Hakuokolewa na upanga siku ile, aliokolewa na mdomo wa Gabrielle, msichana wa shamba aliyekuwa amemfuata njiani bila kualikwa, msemaji kupita kiasi. Kwenye benchi sisi wasichana tulimpenda Gabrielle zaidi, ingawa wavulana walitaka waende haraka kwenye mapigano.

Mawe hayo nimeyaona kwenye atelye yangu ya kushonea. Msichana mmoja, sitamtaja, alikuwa amejifunza vizuri, mkono wake mwepesi, mshono umenyooka. Mteja akasikia alikotoka. Akachukua kitenge chake mezani, akakikunja, akasema atarudi Jumatatu. Wengine walikubali ashone ila hawakutaka apitishe futi kwenye miili yao, kwa hiyo mimi nilipima na yeye akakata. Na huyo ni mwenye bahati. Wengi walikuwa wapishi, wabeba mizigo, au walipewa wanaume kwa nguvu huko porini, hawakushika bunduki. Siku za kurudisha silaha hawakuwa na cha kurudisha, na kwa sababu hiyo majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa nije kwa Callisto, ambaye mzee wetu hakumtaja kabisa, na mimi naona bila yeye filamu ile ingekuwa mateke matupu. Callisto ni mtoto wa Cirra, kijiji kilichoteketezwa na jeshi la Xena, wazazi wake wakiwa ndani. Amekua, anachoma vijiji na kujiita Xena ili ubaya wote uandikwe kwa jina la yule aliyemharibia. Anapomkabili Xena hana uongo wowote. Aliyoyasema yalitokea. Xena amesaidia watu mia, sawa, lakini Callisto hakuwa mmoja wao, na wema aliofanyiwa jirani haukurudisha mama yake. Nawaheshimu waandishi wa filamu kwa kutomnyamazisha mapema.

Mimi pia nina Callisto wangu. Katika atelye hiyohiyo kuna msichana ambaye nyumba ya kwao ilichomwa na watu wa kundi lilelile alilotoka mwenzake. Alipojua, aliacha kusalimia. Sikufanya mkutano wa kupatanisha, sina elimu hiyo. Niliwapa zamu tofauti, mmoja asubuhi, mwingine mchana. Ikaja oda ya yunifomu za shule, na mashini ya kumaliza kingo ninayo moja tu, ikabidi wakae pamoja hadi jioni. Wanapeana mkasi. Kuongea, bado. Sitaki mtu aniambie hiyo ni kidogo.

Kuhusu umaarufu wake duniani nitasema kifupi. Mwaka 2005 wanaastronomia wa California waliotangaza gimba jipya nyuma ya Pluto walikuwa wakiliita Xena wenyewe kwa wenyewe, na mwezi wake Gabrielle, mpaka likapewa jina rasmi la Eris mwaka 2006. Ni gimba hilohilo lililofanya Pluto ivuliwe cheo cha sayari. Jina la mhalifu aliyegeuka lilifika huko. Ila wanafunzi wasimtumie kwenye mtihani wa historia: filamu ile inamkutanisha mwanamke mmoja na Goliathi, Julius Caesar na Kleopatra kana kwamba wote waliishi kartie moja.

Kinachoniudhi mimi ni mwisho. Niliuona baada ya miaka mingi, kijana wa Birere aliponiwekea sehemu zote kwenye flashi. Xena yuko Japani. Anagundua kwamba moto uliotokana naye zamani uliua watu elfu arobaini. Anakufa vitani ili azikomboe roho zao, na Gabrielle anapopata njia ya kumrudisha, Xena anakataa: akifufuka, roho zile hazitapata haki yao. Mashabiki wengi walikasirika, na mimi pamoja nao. Miaka sita ya kutengeneza alichovunja, halafu deni linaonekana limebaki palepale, linalipwa kwa kichwa chake tu.

Mama yangu ni Mnyanga wa Walikale, na kwao kuna Mwindo, shujaa wa masimulizi ya Wanyanga. Kisa chake alikisimulia msimulizi Shekarisi Rureke mwaka 1956, na watafiti Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakakitoa kitabuni 1969. Mwindo naye ni mpiganaji mwenye majigambo. Anamwua joka Kirimu, kumbe ni rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anampandisha mbinguni mwaka mzima: mvua inampiga, mvua ya mawe inampiga, jua linamchoma, na anakatazwa kuua mnyama tena. Kisha anarudishwa. Hai. Anakaa na watu wake, anatawala na kuwapa sheria. Wanyanga hawakumwona mjinga wala hawakumtaka afe ndipo waamini kwamba amebadilika.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, ombi langu ni hili: kwenye ukurasa wenu wa watoto chapisheni Mwindo kwa sehemu, wiki kwa wiki, na msikatishe baada ya vita kama wengi wanavyofanya. Ile ya mbinguni na ya kurudi nyumbani ichapishwe yote. Mimi nitanunua nakala za atelye nzima.

Mama mshonaji, Majengo, Goma