Askofu Casaldáliga alitaja majina

Mhariri,

Makala yenu kuhusu marehemu Askofu Pedro Casaldáliga wa São Félix do Araguaia, Brazili, imesifu sana kofia yake ya majani na pete yake nyeusi ya kokwa ya mchikichi uitwao tucum. Ni sawa, ila kofia haikumtisha mwenye shamba hata mmoja. Kilichowakera ni waraka alioutoa mwaka 1971 alipowekwa wakfu, uliotaja mashamba na kampuni kwa majina. Huko jimboni kwake ndiko Waxavante, wenyeji wa asili wa eneo la Marãiwatsédé, walikopakiwa kwenye ndege za jeshi mwaka 1966 na kuhamishwa. Serikali ilipoanza kuwarudishia ardhi mwaka 2012, askofu huyo, mzee wa miaka 84, alilazimika kuikimbia nyumba yake kwa vitisho vya kuuawa.

Kwa hiyo naomba gazeti lenu, pamoja na tume za haki na amani za majimbo yetu ya Kanisa, ziige waraka ule. Mgogoro wa ardhi ukizuka, tuandikieni nani anadai, ekari ngapi, kwa hati ipi. Kila siku tunasoma habari za “mwekezaji” asiye na jina.

Msomaji wenu,
Songea