Kila samaki ana joto la maji yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nigusie jambo moja katika makala ya ufugaji wa samaki mliyoichapisha hivi karibuni. Mwandishi alieleza vizuri habari za chakula na usafi wa bwawa, na kwa hilo ninamshukuru, lakini alipofika kwenye joto la maji alitosheka na sentensi moja tu, kwamba samaki wa maji baridi hustawi katika nyuzi joto 25 za sentigredi. Hakuna kiwango kimoja kinachowafaa samaki wote, na mfugaji atakayeifuata sentensi hiyo kama ilivyo anaweza kuwapoteza samaki wake bila kujua kosa liko wapi.

Nadhani sehemu ya mkanganyiko huu inatokana na lugha yenyewe. Maji ya mito na maziwa tunayaita maji baridi kwa maana ya maji yasiyo na chumvi, hata pale yanapopigwa na jua mchana kutwa yakawa vuguvugu. Nimekutana na wafugaji wapya walioelewa kwamba samaki wa maji baridi ni samaki wanaopenda ubaridi, wakachimba mabwawa ya sato chini ya kivuli kizito cha miti, kisha wakashangaa kuona miezi inapita na samaki wao hawazidi upana wa kiganja. Sato ni samaki wa maji baridi anayependa joto. Hukua vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Zikishuka chini ya 20 kwa kawaida huacha kuzaa, zikikaribia 16 huacha kula, na zikifika 10 au 12 wengi hufa. Trauti naye ni samaki wa maji baridi, lakini yeye anautaka ubaridi wenyewe: hustawi kati ya nyuzi 12 na 18, hamu ya kula humpungua zinapopita 20, na hizo 25 zilizotajwa katika makala ndizo mpaka wa uhai wake.

Sababu ya tofauti hii inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa anayeielewa hahitaji kukariri namba. Ukiacha samaki wachache kama jodari, ambao huhifadhi joto la misuli yao, joto la mwili wa samaki ndilo joto la maji aliyomo. Maji yakipoa, moyo wake hupiga polepole, chakula hukawia tumboni na kinga dhidi ya magonjwa hudhoofika. Maji yakipata joto, shughuli zote za mwili huenda mbio, na mahitaji yake ya oksijeni hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Lakini kadiri maji yanavyopata joto ndivyo uwezo wake wa kubeba oksijeni unavyopungua: lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni, na yakifika nyuzi 30 hubeba miligramu 7 na nusu tu. Samaki anahitaji zaidi wakati ambapo maji yana kidogo. Trauti, ambaye kwa maumbile yake hutumia oksijeni nyingi, huelemewa mapema. Kambare hustahimili zaidi kwa sababu ana kiungo cha ziada cha kuvuta hewa juu ya maji, ingawa uvumilivu huo usimfanye mtu adhani kwamba kambare hana kiwango chake. Naye hukua vizuri kati ya nyuzi 25 na 30.

Maumbile yamezikaza tofauti hizi kiasi cha kustaajabisha. Katika bahari inayozunguka Antaktika wako samaki wanaoishi katika maji yenye karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, damu yao ikiwa na protini zinazozuia chembe za barafu zisikue mwilini, na baadhi yao hufa maji yakipata joto la nyuzi chache tu juu ya sifuri. Kwa upande mwingine, katika chemchemi za Ziwa Magadi wako perege wadogo wanaoishi katika maji yanayopita nyuzi 40. Wote hawa ni samaki.

Kwa wanaofuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo, kosa huwa ni kuchagua kwa rangi. Samaki wa dhahabu hufurahia nyuzi 18 hadi 22, ilhali diskasi, samaki wa mapambo mwenye umbo la kisahani, anataka 28 hadi 30. Ukiwaweka pamoja na kuchagua kiwango cha katikati, hutakuwa umempatanisha yeyote; wote wawili wataishi kwa shida.

Hata kiwango sahihi hakitoshi ikiwa kinabadilika ghafla. Hili nililijifunza kwa uchungu nilipopokea vifaranga vya sato katika mifuko iliyosafiri usiku wa baridi, nikavimimina moja kwa moja katika bwawa lililokwisha pata jua, na kufikia asubuhi ya pili vilivyokuwa vimeelea juu ya maji vilikuwa vingi kuliko vilivyokuwa hai. Nilipaswa kuuacha mfuko uelee bwawani kwa dakika 20 au 30, kisha nichanganye maji ya bwawa kidogo kidogo ndani yake kabla ya kuwaachia samaki. Mvua kubwa ya baridi nayo huweza kuleta msiba wa namna hiyo, kwa kuwa maji yaliyopoa juu huwa mazito, huzama, na kuyapandisha yale ya chini yasiyo na oksijeni.

Ipo pia habari ya amonia, kemikali inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, ambayo makala iliihusisha na uchafu peke yake. Katika maji yenye pH 8 (pH ni kipimo cha uasidi au ualkali wa maji), sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu ni karibu asilimia 4 joto likiwa nyuzi 20, na hufikia asilimia 7 na zaidi katika nyuzi 30. Kwa hiyo mfugaji anayemwaga chakula kilekile bila kutazama joto hukosea mara mbili: maji yakiwa ya joto kali mabaki huzidisha sumu, na yakiwa ya baridi samaki hawali, chakula kikaoza chini.

Kipimajoto ni kifaa kidogo na rahisi kutumia. Kizamishwe hadi kina wanachokaa samaki, si juu juu, na kisomwe alfajiri na tena alasiri, kwa maana tofauti kati ya saa hizo mbili humweleza mfugaji mengi kuliko kipimo kimoja cha mchana.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni kwamba makala zijazo zinapomtaja samaki yeyote wa kufuga, zitaje pia joto analokulia, joto analozalia na joto linalomuua, na kwamba usahihisho wa ile sentensi ya nyuzi 25 uchapishwe mapema, kabla msomaji anayejiandaa kufuga trauti hajaifanyia kazi.

Msomaji wenu na mfugaji wa samaki