Idi Mubarak kutoka Amu, na riwaya za Ramadhani

Jamaa zangu wa Amu, na nyinyi mlio mbali, Malindi, Mombasa, Unguja na huko Arabuni: mwezi umeandama, Idi imeingia, taqabbalallahu minna wa minkum. Mola azipokee saumu zetu, atusamehe yaliyopunguka, na awarehemu wale tuliofuturu nao mwaka jana na mwaka huu hatunao. Wagonjwa na wazazi walioshindwa kufunga nao wamo katika dua, deni lao analijua Mwenyewe.

Kila mtu ana namna yake ya kungoja daku. Kuna wa karata na dhumna barazani, kuna wa simu, kuna wa kulala kisha akaamshwa kwa ugomvi. Mimi mwaka huu nimengoja kwa riwaya. (Kabla wakubwa hawajanisema: juzuu ya siku ilitangulia kwanza.) Tarawehe ikisha na watoto wakilala, huketi jikoni na kitabu huku nikiangalia mkate wa sinia uumuke. Vitabu vyenyewe vimetoka mwezi mtukufu vikinukia hiliki.

Kilichonikamata zaidi ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Yeye alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akakitia Kiswahili, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakichapisha 2022. Cha Kiingereza niliwahi kukianza nikakiacha njiani. Hiki cha Kiswahili kilinikosesha usingizi.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo, na mara kwa mara huja tajiri mmoja, Aziz, anakaribishwa, anapikiwa vizuri, na akiondoka humtilia mtoto sarafu ya anna kumi mkononi. Mtoto anaingoja sarafu ile kwa hamu. Halafu siku moja anaambiwa atasafiri na ami. Anapanda gari la moshi kwa furaha, kumbe amewekwa rehani kwa deni la babake. Wazazi wanajua, yeye hajui. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana wa dukani aliyetangulia kuwekwa rehani kama yeye: yule si ami yako.

Asubuhi hii watoto wa mtaa wamepita kwangu kudai mkono wa Idi, na nguo zao mpya zingali na mikunjo ya dukani. Kila nikitia sarafu kwenye kiganja, ile anna kumi inanijia. Mmoja aliihesabu palepale mbele yangu, akaniangalia, akahesabu tena. Huyo hatawekwa rehani na mtu.

Wengi hukisifia kitabu hiki kwa ile safari ndefu ya kwenda bara, msafara wa biashara mpaka kwa Chatu, mtawala wa huko bara. Mimi palinichosha kidogo. Nilitaka turudi dukani kwa Khalil, na domo lake, na utani wake kwa wateja.

Baada ya hapo nikashika Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, cha mwaka 1999. Ni Unguja ya enzi ya Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa Bwana Raza, mwenye duka wa makamo ya babake. Anapomkimbia, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayemfungulia ni Mwajuma, shoga yake wa Kiswahili asiye na mali wala ukoo wa kujivunia. Wanaume wa nyumbani kwangu wote ni wa Denge, mpigania uhuru, na mikutano yake ya siri. Haya, chukueni Denge wenu, mimi niachieni Mwajuma. Filamu yake aliyoitengeneza Amil Shivji ilitoka 2021, lakini someni kwanza.

Utengano cha Said Ahmed Mohamed, cha 1980, wengi wetu tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, tukaulizwa maudhui na sifa za Maksuudi mpaka tukakichukia. Kukisoma bila mtihani ni jambo jingine. Yule Maimuna anayefungiwa ndani na babake, Maksuudi huyo, mwalimu hakutuuliza hata siku moja Idi yeye huivaa wapi.

Nami hapo nikashtuka, maana Yusuf, Yasmin na Maimuna, wote watatu ni watoto walioamuliwa na wakubwa watalala nyumba ya nani. Leo Langoni na Mkomani milango iko wazi, unaingia kwa hodi moja unatoka na sahani ya pilau, na bado wapo ambao hakuna anayewauliza. Binti aliyeamka kabla ya alfajiri kukuna nazi katika nyumba isiyo yao. Mtoto aliyeletwa kwa ami asome. Siku ya ishirini na nane nilimuuliza kijana anayetuletea maji kwa punda, Idi atasali wapi. Akacheka: "Bi mkubwa, miaka yote huniuliza maji tu." Kwao Faza. Mashua ya kwenda na kurudi, pamoja na siku za kazi atakazokosa, imemshinda. Basi leo amekula kwetu, na amekula vizuri, na ameusema mchuzi kwamba umepungua ndimu. Kweli umepungua.

Sasa niko katikati ya The Dragonfly Sea cha Yvonne Adhiambo Owuor, cha 2019, cha Kiingereza, kinachomfuata Ayaana, msichana wa hapa kwetu Pate, mpaka Uchina. Bahari yetu imeandikwa kwa uzuri, ila sentensi zake zinataka utulivu, na utulivu ndani ya sikukuu utautoa wapi. Kitangoja Mfungo Mosi upoe.

Peponi kiko kwenye kidaka cha ukumbini. Wa kwanza kukichukua ni mkwe wangu wa Shela, baada yake atakayewahi. Mkija kukiulizia, mkate wa sinia upo, na walionuia kufunga sita nitawawekea mpaka magharibi.

Kullu aam wa antum bikheir.