YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIPIMO CHA CHUMVI MLICHONIUZIA NA MATIBABU YA TUMBAWE LANGU

Tabata,
Dar es Salaam.
9 Agosti 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Matangi ya Samaki wa Baharini,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu tangu Januari mwaka huu, mliponiuzia tangi la lita 200 pamoja na taa, skima (mashine ya kuondoa uchafu kwa povu), pampu mbili za mawimbi, mashine ya kuchujia maji na ndoo ya chumvi. Mafundi wenu walilifunga vizuri, hata sakafu waliiacha kavu, na kwa hilo sina neno. Nalalamikia rifraktomita, yaani kile kipimo cha chumvi ya maji, niliyoinunua kwenu kwa shilingi 95,000, na ziara tatu za fundi wenu, kila moja shilingi 40,000, ambazo hazikugusa tatizo lenyewe. Nakala za risiti nimeziambatisha.

Tarehe 4 Mei nilinunua kwenu tumbawe laini, lile mnaloliita uyoga, kwa jina la kitaalamu Sarcophyton. Bei shilingi 180,000. Dukani lilikuwa limefunguka: kofia pana kama kiganja changu, polipi, vile vinyama vidogo vya tumbawe, zimesimama kama manyoya ya kifaranga, zinapepea na mkondo. Niliuliza kama limeng'olewa baharini, nikaambiwa hapana, limekatwa kutoka kwenye tumbawe mama linalofugwa tangini. Nilifurahi, nikalipa bila kuomba punguzo, jambo ambalo wanaonifahamu hawataliamini.

Nyumbani halikufunguka. Siku ya tatu, siku ya nne, kofia tupu kama ngozi ya ngoma. Nilipopiga simu, fundi akanieleza kwamba tumbawe la aina hii huwa linajifunga siku kadhaa, likatoa utando kama nta juu ya ngozi, kisha likauvua pamoja na uchafu na mwani ulioshikamana nao, ndipo lifunguke tena. Hilo ni kweli. Akaniambia nigeuze pampu ili mkondo upite juu ya kofia bila kuipiga moja kwa moja, uusaidie utando kutoka. Hilo nalo ni sahihi, na kama angeishia hapo nisingekuwa naandika barua hii.

Wiki mbili zikapita. Utando umelala juu ya kofia kama ule wa maziwa yaliyochemka yakapoa, hautoki, na ukingo umeanza kujikunja na kuwa mweusi. Tarehe 18 Mei fundi akaja. Alilitazama tangi, akawatazama samaki wangu wawili wakigombea punje za chakula, akasema, "Mwalimu, samaki wazima kabisa hawa, maji yako hayana shida. Hili lina njaa." Akaniuzia chupa ya chakula cha matumbawe na chupa ya iodini.

Tarehe 1 Juni akarudi. Safari hii mwanga ndio ulikuwa hautoshi, akapandisha taa kutoka asilimia 45 hadi 90 kwa mara moja. Ndani ya siku tano katikati ya kofia pakawa peupe kama chokaa. Ndani ya nyama ya tumbawe hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, na huo ndio unaotumia mwanga kulilisha. Ukilishtua kwa mwanga mkali likiwa dhaifu, linautema mwani wake. Mwanga huongezwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Maneno haya yamo kwenye kijitabu cha taa mliyoniuzia ninyi wenyewe, ukurasa wa pili.

Ziara ya tatu, tarehe 22 Juni, alikuja na dawa ya madoa meupe kwa sababu samaki mmoja alikuwa na vidoa viwili kwenye pezi. Nilisoma lebo kabla hajafungua kifuniko. Ina shaba. Shaba inaua konokono, inaua uduvi, inaua matumbawe, na ikishaingia kwenye mawe na mchanga haitoki kirahisi. Samaki hutibiwa kwa dawa hiyo kwenye tangi la pembeni. Nikamwambia airudishe kwenye begi. Aliirudisha, ila ziara aliitoza.

Sasa nije kwenye lenyewe. Katika ziara zote tatu chumvi ilipimwa mara moja tu, tena kwa rifraktomita yangu. Ikasoma 1.025, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu ambayo ni 1.000, fundi akaridhika. Mimi nami kila wiki nilikuwa nasoma 1.025 na kuandika kwenye daftari, kwa kuwa ndivyo mlivyoniambia iwe.

Shemeji yangu ni mvuvi wa Kunduchi. Tangu Januari ananicheka: "Shemeji, unanunua chumvi ya kutengeneza bahari, na bahari ile pale haina kiingilio?" Huwa namjibu kwamba maji ya ufukweni, hasa wakati wa masika mito inaposhusha tope, hayafai tangi. Lakini tarehe 5 Julai alipokuja akanikuta nimekaa mbele ya kioo kama mtu anayeuguza, hakucheka. Kesho yake aliniletea dumu la lita 5 alilolichota nje ya kisiwa cha Mbudya, maji maangavu. "Pima haya," akasema. "Haya ndiyo linayoyajua."

Nikadondosha matone mawili kwenye kioo cha rifraktomita, nikashusha kifuniko, nikaielekeza dirishani. Mstari wa buluu ukakata kwenye 1.032. Bahari yetu huko nje ina gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo ya maji, na kwenye chombo hicho hiyo ni 1.026. Ama bahari ya Hindi imekolea ghafla, ama chombo kinadanganya. Nikakifuta, nikaweka maji ya mashine yangu ya kuchujia, yasiyo na chumvi hata chembe. Yalipaswa kusoma 1.000. Yakasoma 1.006.

Maana yake tangi langu la 1.025 lilikuwa kwa kweli 1.019, yaani gramu 25 au 26 mahali pa 35. Samaki wanalivumilia hilo, kwa sababu mwili wa samaki hujirekebishia chumvi yake wenyewe. Ndiyo maana walikuwa wanagombea chakula na kumpoteza fundi wenu. Tumbawe halina uwezo huo. Maji yaliyo nje ndiyo yanayokuwa ndani. Miezi miwili linalishwa, linapakwa iodini, linamulikwa, na kumbe linalolitaka ni chumvi.

Nimefundisha kemia sekondari miaka 22. Sijui nimewaambia wanafunzi wangapi kwamba kabla ya kupima chochote, angalia kwanza sifuri ya chombo. Ya kwangu sikuiangalia. Aibu hiyo ni yangu na naibeba. Lakini chombo kilitoka kwenu kwenye boksi lililokwisha kufunguliwa, hakina maji ya kulinganishia (yale ambayo chumvi yake inajulikana), hakina hata kibisibisi cha kugeuzia skrubu ya sifuri. Na fundi ambaye kazi yake ndiyo hiyo alikuja nyumbani kwangu mara tatu bila kipimo chake mwenyewe.

Sikumwita tena. Skrubu niliigeuza kwa bisibisi ya fundi miwani. Kisha, badala ya kufidia maji yanayopungua kwa mvuke kwa maji matupu, nikawa najazia maji ya chumvi, na kila jioni nabadilisha lita chache kwa maji yaliyokolea zaidi, nikihakikisha kipimo hakipandi zaidi ya 0.001 kwa siku. Kuruka yote sita kwa mkupuo kungemaliza hata kilichobaki. Taa niliirudisha 45. Chupa zenu nikazifungia kabatini. Ukingo uliooza, kama robo ya kofia, niliukata kwa wembe mpya, ndani ya beseni la maji ya tangi, kwa sababu tumbawe hili likikatwa humwaga kemikali zinazodhuru matumbawe mengine. Nikabadilisha na mkaa wa kuchujia. Harufu ilikuwa ya dagaa walionyeshewa mvua siku mbili. Mjukuu alihamia kwa jirani hadi saa ya kula.

Tarehe 21 Julai utando uliachia wote kwa pamoja, ukaelea kama karatasi ya nailoni hadi kwenye skima. Chini yake ngozi safi. Siku tatu baadaye, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, niliona polipi upande wa kushoto, fupi kama ndevu za siku moja. Leo zimefika nusu sentimita. Kidonda kimefunga, ila upande uliokatwa bado hauna kitu.

Nadai mnirudishie shilingi 95,000 za chombo na 120,000 za ziara, jumla shilingi 215,000. Zile chupa mbili nitazirudisha. Zimefunguliwa, kwa hiyo bei yake amueni wenyewe. Tumbawe jipya sitaki, msijisumbue kunitumia kama pole.

Naomba pia muwapigie simu wateja wote walionunua rifraktomita hizo mwaka huu, waweke tone la maji yaliyochujwa waone kama mstari unakaa 1.000. Haichukui dakika. Sidhani niko peke yangu ninayelipa iodini tumbawe linalodai chumvi.

Kuhusu fundi, sitaki afukuzwe. Ni kijana mwenye adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na la utando alilisema sawasawa. Mpeni kipimo chake na chupa ya maji ya kulinganishia. Na kama mnamlipa kwa kamisheni ya anachouza, lifikirieni hilo, maana kila ugonjwa alioukuta kwenye tangi langu ulikuwa na dawa tayari kwenye begi.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja, barua hii na viambatisho vyake nitavipeleka Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Rifraktomita nitaileta dukani mwenyewe, skrubu nikiwa nimeirudisha pale ilipokuwa mliponiuzia. Nitakuja na dumu la shemeji, bado limebaki lita 3. Tutapima wote pamoja mezani kwenu.

Wenu,
Mteja wenu wa Tabata

Viambatisho: nakala za risiti 5, kurasa 4 za daftari la vipimo, picha 6 za tumbawe.