Jimmy Peters na raga ya watu 13

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata, na ile hoja yako kwamba raga ligi ni raga ya watu 15 iliyopunguziwa wawili imenichekesha. Hebu nikusimulie habari za mcheza raga wa zamani, James Peters, aliyejulikana zaidi kama Jimmy, kisha uniambie kama bado unashikilia maneno yako.

Alizaliwa Salford, Uingereza, mwaka 1879. Baba yake, mtu wa visiwa vya Karibi, alikuwa mfunza simba wa sarakasi, na simba ndiye aliyemuua. Mama yake, Mwingereza, alishindwa kumlea, mtoto akaishia kwenye kundi jingine la sarakasi akipanda farasi wasio na tandiko. Akiwa na miaka 11 akavunjika mkono, nao wakamtelekeza. Akalelewa katika vituo vya yatima London, na huko akawa nahodha wa michezo. Wanaomwandika Peters hupenda kukaa kwenye simba, nami siwalaumu, lakini utamu wa kisa chake uko kwenye pesa.

Ukubwani alikuwa seremala, akachezea klabu ya Bristol, kisha Plymouth na timu ya jimbo la Devon, katika raga ya watu 15, nafasi tunayoiita leo namba kumi, yule anayeongoza mashambulizi. Kule Bristol inasimuliwa kuwa mjumbe mmoja wa kamati alijiuzulu kwa sababu ya rangi yake tu. Machi 1906 akaitwa timu ya taifa ya Uingereza kucheza na Scotland, Mweusi wa kwanza kuivalia jezi hiyo. Wakashinda, na siku chache baadaye akafunga trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, dhidi ya Ufaransa mjini Paris.

Mwaka huohuo Afrika Kusini wakaja ziara. Walipofika kucheza na Devon na kumwona Peters kikosini, walikataa kutoka vyumbani hadi mwakilishi wa serikali yao alipokwenda kuwabembeleza. Mechi ikachezwa. Ila Desemba, Uingereza ilipokutana na hao hao kwenye uwanja wa Crystal Palace, London, jina la Peters halikuwamo. Mwaka uliofuata wageni wameshaondoka, akaitwa tena. Hapo sihitaji kukufafanulia, nawe si mtoto. Jumla alichezea taifa mara tano.

Sasa njoo kwenye hoja yako. Raga ligi haikuanza kwa sababu mtu alipenda namba 13. Wachezaji wa kaskazini ya Uingereza walikuwa watu wa migodi na viwanda vya nguo, na Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza, mshahara unakatwa. Wakaomba klabu ziruhusiwe kuwafidia shilingi sita kwa siku. Wakubwa wa chama cha raga kule London, ambao hawakuwa na mshahara wa kukatwa, wakakataa mwaka 1893: mchezo ni wa ridhaa, basi. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini zikakutana hoteli ya George, Huddersfield, zikajitenga na chama hicho; huo ndio mwanzo wa raga ligi. Kupunguza wachezaji hadi 13 kulikuja 1906, ili mpira ukimbie na watazamaji wafurahie kiingilio walicholipa. Kwa hiyo namba ni matokeo. Chanzo ni tumbo.

Peters, ingawa alizaliwa kaskazini, alicheza kusini, hayo ya 1895 hayakumhusu. Lakini yalimfikia. Karibu mwaka 1910 ajali katika karakana za meli za Plymouth ilimkata vidole vitatu. Seremala na mcheza raga, vidole vitatu! Akarudi uwanjani hata hivyo. Mwaka 1912 chama cha raga ya watu 15 kikamfungia kwa kosa la kupokea malipo. Mimi naona aibu hiyo ni ya chama.

Akafunga safari kaskazini. Mwaka 1913, akiwa na miaka 34, akajiunga na Barrow, kisha St Helens, klabu za raga ligi, akilipwa waziwazi kwa kazi ileile aliyofungiwa. Sitakudanganya kwamba aling'ara huko: umri ulikuwa umekwenda, na vita vya 1914 vikaja. Akarudi Plymouth, akafariki 1954.

Baada yake, raga ya watu 15 ya Uingereza haikuwa na mchezaji mwingine Mweusi katika timu ya wanaume hadi Chris Oti, mwaka 1988. Upande wa ligi, Clive Sullivan, Mweusi wa Cardiff, alikuwa ameshakuwa nahodha wa Great Britain, timu ya pamoja ya Uingereza, Wales na Scotland, na kubeba Kombe la Dunia mwaka 1972. Ubaguzi ulikuwepo huko pia, usinielewe vibaya. Ila klabu inayomlipa mchezaji hutaka ushindi kwa pesa yake, na anayejua kukimbia na mpira hupata nafasi.

Najua utanijibu kwamba mechi zao zinachosha kutazama. Haya, lete hoja hiyo, tuna muda. Na kile kitabu changu usisahau kukirudisha.

Wasalimie nyumbani, na mama mkwe umwambie nakuja Idi.

Wako,
sahibu yako wa siku zote