Wakala aseme kwanza kama watoto wanaruhusiwa

Mhariri,

Nina watoto wawili, wa miaka sita na minne. Tangu mwanzoni mwa 2025 nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, haina mazungumzo mengine: tuhamie Uingereza au Muscat, Oman?

Wakala wa ajira alinijia na kazi ya kutunza wazee Uingereza. Alitaja mshahara, tiketi, hata makoti ya baridi. Hakutaja kwamba tangu tarehe 11 Machi 2024 mtunza wazee anayepewa viza ya kazi hiyo haruhusiwi kwenda na mume wala watoto. Nililisikia kwa wifi yangu, nimeshalipa fedha ya fomu. Mdogo wangu huyu hapati usingizi mpaka ashike pindo la kanga yangu. Ningemwacha na nani? Julai 2025 Waingereza wenyewe wakafunga kabisa kuajiri watunzaji kutoka nje.

Muscat tuna shangazi wa mume wangu, na Kiswahili huko kina wenyewe. Ila shule za serikali zinafundisha kwa Kiarabu, na mkubwa wangu Kiarabu chake ni cha juzuu ya madrasa, si cha hesabu. Za binafsi ni za kulipia, nasi tungelipia wawili.

Naomba gazeti lako liwabane wanaotangaza kazi za nje. Waandike palepale penye mshahara: watoto wanaruhusiwa au hawaruhusiwi, na watasoma kwa lugha gani. Mzazi ayajue kabla hajatoa hata shilingi.

Mama wa wawili,
Ngamiani, Tanga