Mheshimiwa Waziri wa Fedha, kodi ya jengo kwenye LUKU tunailipa sisi wapangaji

Mheshimiwa Waziri, shikamoo na pole na majukumu. Mi ni mpangaji huku Mbagala, chumba na sebule, sina kiwanja wala tofali popote, ila kodi ya jengo nalipa kila mwezi, inakatwa nikinunua umeme wa LUKU, hii mita ya kulipia kabla.

Hii kitu ilianza 2021 kwa buku (1,000) kwa mwezi, 2023 mkaipandisha ikawa 1,500. Sasa we nunua umeme wa buku mbili mwanzo wa mwezi uone, 1,500 inaondoka kwanza, halafu ile mia tano iliyobaki nayo ina VAT, ina 3% ya REA wa umeme vijijini, ina 1% ya EWURA wadhibiti wa nishati, uniti zinazobaki ni za kuchajia simu tu. Na ukihamia chumba kilichokaa kitupu unakuta deni limelala kwenye mita, unalipia miezi ambayo hata hujawahi kulala pale!

Serikali ilisema mpangaji akaelewane na mwenye nyumba. Tunaelewana vipi mheshimiwa? Baba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, dalali kashachukua kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, halafu mi nianze kumwambia baba nikate 9,000 ya LUKU, si ataniambia hama tu, wanaotaka chumba wapo kibao.

Alafu nyumba ya kawaida ya Masaki kwa wenye hela, isiyo ghorofa, ina geti na bustani, kiwango chake ni 18,000 kwa mwaka sawa na hii yetu ya huku mabondeni. Hapo mi naacha.

Sipingi kodi jamani, bajeti ya 2025/26 ni trilioni 56.49 na hela lazima itoke sehemu. Najua pia LUKU mmeipenda kwa sababu haina ubishi, hulipi huwashi taa. Ila kukusanya kirahisi sio sababu ya kumkata asiyehusika. Mwenye nyumba atumiwe kontrol namba yake ya malipo, kama hamumjui mjumbe wa huku anawajua wote kwa majina. Na kama lazima ibaki LUKU basi wekeni kwenye sheria ya fedha ijayo kwamba ile 1,500 kwenye risiti ya mpangaji inahesabika ni sehemu ya pango, baba akiletewa risiti anakata, hakuna kukataa. Bajeti inasomwa Juni, muda upo.